Zamu ya Kitabu Kimoja

Watu wengine wakichagua kitabu hutazama jalada. Wenye busara kidogo hutazama jina la mwandishi, na wale waliokwisha kuungua mara moja hutazama mwaka. Tuovi Haapakangas alitazama karatasi. Alikifungua kitabu katikati, akaushika ukurasa kwa kidole gumba na cha shahada, akausugua polepole, akautikisa karibu na sikio ausikie unavyolia, kisha, mkutubi akimwangalia, akatoa ulimi na kuugusisha kwenye kona.

"Tuovi," alisema Marjukka, mkutubi wa Honkakoski, "hicho ni kitabu cha umma."

"Nakipima tu. Sikili."

Usimcheke. Tuovi alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na saba katika kiwanda cha karatasi cha hapo hapo mjini, kwenye Mashine ya Tatu, na huko kila mtu alipima karatasi hivyo: mkono, sikio, ulimi. Baba yake alifanya kazi Mashine ya Pili akawa anafanya vivyo hivyo mezani nyumbani, kwenye gazeti, kwenye bahasha za kodi, hata kwenye kadi za rambirambi. Kiwanda kilipofungwa, Tuovi alisafisha ofisi za watu, akapanga maboksi ghalani, na hatimaye, na umri wake wa miaka hamsini na tatu, akaingia darasa la watu wazima kujifunza mitandao ya kompyuta. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alizipenda zile nyaya tangu siku ya kwanza. Zilikuwa na utaratibu, na yeye ni mtu wa utaratibu.

Sasa hospitali ya wilaya ilikuwa inatafuta fundi mmoja wa mitandao. Waliitwa wawili kwenye usaili, wote wa kiwanda cha zamani: Tuovi, na Kyösti Leppävuori aliyekuwa fundi umeme wa Mashine ya Tatu hiyo hiyo. Wakaambiwa wazi: kazi ataipata mwenye cheti cha mtihani wa mitandao kabla Mei haijaisha, na wakikileta wote, mwenye alama za juu. Mtihani ulikuwa unafanyika mji wa jirani, mara moja tu kabla ya muda huo kwisha, Alhamisi ya mwisho wa Mei. Tuovi akiikosa kazi ile, nyumba ya mtoni ingeuzwa, naye angehamia mji mkuu kulala kwenye kochi la binti yake. Binti alishasema kochi ni zuri. Tuovi alilichukia kochi lile kabla hajalilalia.

Ndiyo sababu siku hiyo ya Aprili alikuwa mbele ya rafu, jasho likimtoka mgongoni kama mtu aliyetoka sauna. Vitabu vya mtihani viliorodheshwa kwenye kompyuta kwa mamia, kila kimoja kikiapa kwamba ndicho. Kimoja kinene, kimoja chembamba, kimoja cha maswali matupu. Rafuni vilikuwepo viwili tu. Cha kwanza cha Kiingereza, kipya, karatasi yake ya kijivu, nyepesi, ya kuonekana upande wa pili, imegandishwa kwa gundi ya kuombea Mungu. Cha pili cha Kifini, kilichokuwa kimechakaa maktaba ikakijalidi upya kwa jalada gumu la buluu. Kurasa za mbele zilikuwa zimepotea katika kujalidiwa, lakini zilizobaki! Nzito, rangi ya maziwa, zenye kutoa sauti kavu zikigeuzwa.

Tuovi aliijua sauti ile. Alijikuta anameza mate. "Hii ni yetu," alisema peke yake.

Akamgeukia Marjukka. "Nachukua cha buluu."

Marjukka alikitazama kitabu, akatazama kompyuta yake, akafungua mdomo, akaufunga. "Kirudishwe baada ya wiki nne," alisema. "Unaweza kuongeza muda."

Wiki nne zilizofuata Tuovi alisoma hadi macho yakawa mekundu. Aliamka saa kumi na moja, akachemsha kahawa, akakaa mezani na penseli. Barafu ya mtoni ilipasuka ikaondoka, yeye hakuiona. Jirani alimpungia mkono, yeye hakuitika. Alifika mahali pa kugawa mtandao vipande vipande, kila kipande na anwani zake, na hesabu ile iliyokuwa ikiwatoa vijana machozi darasani yeye aliifanya kichwani huku akipaka siagi mkate mweusi. Kitabu kilikuwa kizuri. Kilieleza polepole, kwa lugha ya mama yake, na kila alipogeuza ukurasa alijisikia yuko kazini.

Jumamosi ya tarehe kumi na nane Mei, siku kumi na mbili kabla ya mtihani, alikipeleka maktaba aongezewe muda. Kwenye meza ya dirishani alimkuta Kyösti. Kyösti alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye masikio makubwa, na mbele yake kilikuwa kile kitabu cha Kiingereza, lakini nakala yake mwenyewe, iliyochukua wiki tatu kufika kwa posta.

"Karibu, mpinzani," alisema Kyösti. "Umekuja kunipeleleza?"

"Nikupeleleze wewe, baba? Uko ukurasa wa ngapi?"

"Usiniulize. Niko katikati, kwenye kugawa anwani. Naota anwani. Jana nimemwita mbwa kwa namba."

Tuovi alicheka, akakiweka cha buluu mezani. "Hebu shika ukurasa huu. Shika uniambie."

Kyösti alikausha vidole kwenye suruali. Akasugua. Akatikisa sikioni. Akalamba kona. Uso wake wote ulilainika, ukawa uso wa mtu aliyesikia ameitwa na mama yake. "Mashine ya Tatu," alisema. "Mungu wangu. Ni ya kwetu, Tuovi. Umeipata wapi?"

"Hapo rafuni! Ndiyo nilivyokichagua. Wewe umekwenda kununua takataka ile ya kijivu."

"Mchagua jembe si mkulima, dada," Kyösti alitania, akiendelea kuusugua ukurasa. Halafu mkono wake ukasimama.

"Tuovi. Mashine ya Tatu ilizimwa lini?"

"Swali gani hilo? Ulikuwepo. Tarehe nne Desemba. Wewe ndiye uliyeshusha swichi, ukalia ukasema ni vumbi."

"Mwaka gani?"

Hapo ndipo Tuovi alipoelewa. Mashine ilizimwa miaka saba iliyopita. Karatasi iliyotoka kwenye mashine ile haikuweza kuwa changa kuliko mashine yenyewe. Kama ukurasa ule ulikuwa wa kwao, basi kitabu kilipigwa chapa wakati mashine ingali inaunguruma, na tangu hapo mtihani ulikuwa umebadilishwa mara mbili. Mtu mwingine yeyote duniani angedanganywa na jalada. Yeye alikuwa na ushahidi kwenye ncha ya vidole tangu siku ya kwanza, akaufurahia badala ya kuusoma.

Kyösti alifungua yaliyomo ya kitabu chake, wakaviweka viwili ubavu kwa ubavu. Nusu ya kwanza ilikuwa ile ile. Nusu ya pili ilikuwa ya nchi nyingine kabisa: waifai, ulinzi, mitambo inayoendeshwa kwa programu. Kitabu cha buluu kilikuwa na kurasa nne za waifai, na moja kati ya hizo ilikuwa picha.

Tuovi alikwenda kwa Marjukka, kitabu mkononi. "Kitabu hiki ni cha mwaka gani?"

Marjukka hakuhitaji hata kubonyeza. "Kina miaka minane."

"Ulijua?"

"Kiko kwenye kompyuta." Marjukka aliona haya hadi shingoni. "Nilidhani na wewe unajua. Si vizuri kumwingilia mtu vitabu anavyoazima, Tuovi."

Watu wa kule ndivyo walivyo. Nyumba yako ikishika moto watasubiri kwanza waone kama umeiwasha kwa makusudi. Tuovi alitaka kupiga kelele, lakini naye ni wa huko huko, kwa hiyo alisema "asante," akarudi mezani, akakaa, akaangalia mikono yake. Kile cha Kiingereza cha maktaba kilikuwa kimeazimwa na watu watatu walikuwa kwenye foleni. Posta ni wiki tatu. Kusoma kwenye kioo cha kompyuta alishajaribu, kila kitu kiliingia jichoni kikatokea kisogoni.

"Tutoe kopi," alisema Kyösti.

Wote wawili walilitazama tangazo lililokuwa juu ya mashine ya kopi: kurasa chache tu kwa kitabu, na kupiga picha kwa simu ni vilevile. Hakuna mtu wa Honkakoski anayebishana na tangazo.

Kyösti alipumua kwa nguvu. Akatoa kisu mfukoni, kile cha kukatia nyaya, akakifungua kitabu chake katikati, akakikunja kinyume mpaka gundi ikalia.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Mambo ya zamu," alisema, akapitisha kisu. Kitabu kilitengana vipande viwili bila hata kujitetea. "Mimi sijamaliza nusu ya kwanza. Shika ya pili. Siku sita. Ijumaa saa nane mchana, hapa hapa, unanipa yako nakupa yangu."

"Kyösti, nikisoma hii naweza kukushinda."

"Jaribu. Sitaki kusikia nimemshinda mtu aliyesoma kwa ulimi."

Saa nane mchana. Hakuhitaji kuieleza. Kiwandani zamu ya asubuhi ilikabidhi ya mchana saa nane, mashine ikiwa inakwenda, na sheria ilikuwa moja tu ambayo haikuandikwa popote: mtu haondoki mpaka wa kumpokea afike, na wa kumpokea hachelewi. Ungeweza kulewa Jumamosi, kumtukana msimamizi, kuachana na mkeo na kumuoa dada yake. Watu wangesamehe. Kuchelewa zamu hawakusamehe. Kyösti mwenyewe aliwahi kusimama saa kumi na sita mfululizo kwa sababu aliyetakiwa kumpokea alikuwa na harusi na kichwa kibovu cha pombe. Hakumwambia neno. Mwenye harusi yule aliomba uhamisho kabla ya mwaka kuisha.

Tuovi aliibeba nusu ya kitabu kifuani. Ilikuwa ngumu. Kiingereza alichojifunza shuleni kilikuwa cha kuomba njia na kununua viazi, na hapa kila sentensi ilikuwa na mkia. Jumapili alimaliza kurasa kumi. Jumanne ishirini. Alikula akiwa amesimama. Alhamisi alijitungia maswali, akajijibu kwa sauti, akakosa nusu. Sura ya mwisho, ile ya ulinzi wa waifai, ilikataa kabisa kuingia: kila alipodhani ameikamata, iliponyoka.

Ijumaa saa saba na nusu alikuwa amevaa koti. Nusu ya kitabu ilikuwa kwenye mfuko. Aliutazama mfuko. Aliona kochi. Aliliona na mto wake wa maua, na mjukuu akiwasha runinga saa moja asubuhi miguuni pake. Mkono ukachukua simu wenyewe, au ndivyo alivyojiambia baadaye.

"Kyösti, nina homa. Imenishika tangu jana. Nisikuambukize."

"Pole," alisema Kyösti. "Pumzika."

"Nitakuletea kesho. Keshokutwa kwa hakika."

"Sawa. Kunywa vitu vya moto."

Akavua koti. Akakaa mezani, akasoma hadi usiku, na Jumamosi nzima, na sura ile ikaingia. Iliingia ikakaa mahali pake, tena kwa raha, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Jumapili adhuhuri aliipeleka nusu nyumbani kwa Kyösti, akakohoa mlangoni kikohozi cha uongo cha aibu. Kyösti aliipokea, akampa nyingine, akasema tu, "Afadhali umepona." Zilikuwa zimebaki siku nne.

Alhamisi walikwenda kwa gari la Tuovi. Waliingizwa kwenye chumba kilichogawanywa viboksi vya mtu mmoja mmoja, wakavuliwa saa na simu, kila mmoja na kioo chake. Maswali ya kugawa anwani aliyapita kwa mbio. Kisha yakaja ya waifai, na ya ulinzi wa waifai, moja, mbili, tano, tisa. Yalikuwa mengi kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Na kila moja alilijua. Alilijua mpaka ukurasa, mpaka doa la kahawa lililokuwa kando ya jibu. Ilitakiwa mia saba kati ya elfu. Kioo kilimwandikia: mia saba arobaini na moja.

Alipotoka, Kyösti alikuwa amesimama kando ya gari, mikono mfukoni, mvua nyepesi ikimlowesha masikio.

"Vipi?" aliuliza.

"Nimepita."

"Hongera, Tuovi. Kweli kabisa." Akampa mkono, akautikisa mara moja. "Mimi mia sita na themanini."

"Wapi palikushinda?"

"Ah. Mwishoni mwishoni. Waifai zilikuwa nyingi. Sikufika vizuri huko."

Waliingia garini. Tuovi aliwasha injini, akaizima. Mvua ilikuwa inagonga kioo. Kwenye kiti cha nyuma zilikuwa nusu mbili za kitabu, moja juu ya nyingine. Alikuwa amepata kila alichokitaka na alijisikia kama mwizi, kwa sababu alikuwa mwizi.

"Sikuwa na homa," alisema.

Kyösti alitazama mbele.

"Ijumaa ile. Sikuwa na homa. Nilikuwa nasoma. Sura ya mwisho ilinishinda, nikakuibia siku zako mbili."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikuletea supu ya samaki. Ijumaa ile jioni. Nilifika na sufuria mpaka kwenye ngazi, nikakuona dirishani. Miwani puani, penseli mdomoni." Alijikuna sikio. "Nikarudi nayo."

Tuovi alimgeukia. "Kwa nini hukugonga? Ungegonga, ningekupa! Ningekupa pale pale!"

"Ungeona aibu," alisema Kyösti.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na kile cha ndani ya gari lile Tuovi alikisikia kifuani. Alilia, kwa kwikwi, usukani mkononi. Kyösti alimwacha alie. Baada ya muda alisema, "Supu yenyewe ilizidi chumvi," na walipofika nyumbani kwake alishuka bila kugeuka.

"Kyösti!" Tuovi alimwita kupitia dirishani. "Mtihani unarudiwa Juni. Shule za mji wa jirani zinatafuta fundi. Jumatatu saa nane, maktaba. Nitakufundisha hata kama ni kila siku."

Kyösti alifungua mlango wa nyumba yake. Akaingia.

Jumatatu, siku ambayo hospitali ilimpigia simu kumwambia kazi ni yake, Tuovi alifika maktaba saa saba. Nusu mbili alikuwa amezishona kwa uzi mzito na sindano ya magunia, mishono sita, kama baba yake alivyomfundisha kushona daftari za zamu. Akakaa meza ya dirishani, uso mlangoni, mgongo dirishani. Ikafika saa nane. Ikafika saa tisa. Marjukka alipita na toroli la vitabu mara mbili. Saa kumi watu wa shule waliingia wakatoka. Saa kumi na moja tumbo lilimnguruma, naye hakuinuka hata kwenda kununua andazi la iliki ng'ambo ya barabara. Mtu haondoki mpaka wa kumpokea afike. Kyösti alisimama saa kumi na sita. Yeye hata tano hajafikisha.

Saa kumi na mbili kasorobo, robo saa kabla ya kufunga, Marjukka alimjia. Alisimama akizungusha funguo, uso umemwiva, kama mtu anayetaka kuruka mtaro.

"Tuovi, samahani kukuingilia. Unamsubiri mtu?"

"Namsubiri wa zamu."

Marjukka aliangalia dirishani. "Yule pale? Amesimama kwenye kituo cha basi tangu saa nane. Mabasi yote yameshapita."

Tuovi aligeuka. Ng'ambo ya barabara Kyösti alikuwa amejikunyata ndani ya koti, anaangalia maktaba. Macho yao yalikutana. Kyösti alisubiri kidogo, kisha akavuka, akapangusa viatu mlangoni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaja hadi mezani. Alikichukua kitabu, akapapasa mishono sita, akausugua ukurasa mmoja wa kijivu, akakunja uso.

"Umechelewa," alisema Tuovi.

"Nilikuwa na homa," alisema Kyösti, akavuta kiti.